Mbuzi wa Ukwe, Jogoo wa Utani

Mwanaamina alikuwa amechoka na amani. Afadhali vita, maana kwenye vita mtu unajua unamkimbia nani na unakimbilia wapi. Hii amani iliyokuwa ikitafutwa nyumbani kwake tangu watu wanapanda mpunga mpaka sasa wanavuna, kila siku kikao, kila kikao chai, na kila chai mchemshaji ni yeye, ilikuwa imemfika hapa, kooni. Jana tu wazee walikaa barazani kwake tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri ikaadhiniwa. Walimaliza birika zima na sinia la mihogo, na walichokubaliana mwishowe ni kwamba wakutane tena.

"Tumepiga hatua, Mama Nasra," mumewe Swalehe alimwambia huku akijipangusa midomo.

"Hatua ya kwenda wapi, Baba Nasra?"

Swalehe akainuka zake. Alikuwa amevaa ile fulana yake nyeupe ya Kamati ya Amani ya kijiji, iliyoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa AMANI INAANZA NA MIMI. Katibu wa kamati alikuwa yeye. Na mgomvi aliyeshindikana kuliko wote kijijini, jamani, alikuwa yeye vilevile.

Mgomvi mwenzake alikuwa Mfaume, Mmatumbi ambaye wazee wake waliteremka zamani kutoka milimani wakahamia huku njia ya Dimani. Hawa wawili walikuwa watani tangu wanachunga mbuzi. Mndengereko na Mmatumbi wakikutana, mmoja lazima amwite mwenzake mlafi, au mchawi, au mwizi wa kuku, na mwenzake lazima ajibu na asikasirike. Ndivyo walivyowakuta wazee wao. Mfaume aliweza kuingia jikoni kwa Swalehe, akaipua sufuria ya wali, akaondoka nayo kichwani, na Swalehe akabaki anacheka na njaa yake.

Kisha watoto wao wakapendana. Ismaily, mtoto wa Mfaume, fundi wa mashine za boti kule Mbuchi, akamuoa Nasra, binti pekee wa Swalehe na Mwanaamina. Harusi ikafana, watu wakala wakasaza. Na katika furaha ile yote hakuna aliyejiuliza swali moja dogo: hawa baba zao, kuanzia leo, ni watani au ni wakwe? Maana mtani unamtukana, mkwe unamstahi. Mtani unagombania naye mnofu kwenye sinia moja, mkwe hata viatu vyake huviruki. Swali likaachwa hivyohivyo, likaja kujibiwa makaburini.

Bi Tabu, mama yake Swalehe, alifariki akiwa mtu mzima aliyekula chumvi nyingi. Wanaume wakabeba jeneza, wanawake wakabaki nyumbani kama ilivyo ada. Kufika kaburini, Mfaume akafanya kazi ambayo watani wameifanya miaka nenda miaka rudi: akavua kanzu, akaruka ndani ya kaburi, akajilaza chali. Akasema leo hazikwi mtu hapa. Akasema Bi Tabu amemdhulumu maisha yake yote, kila akija kula anawekewa shingo ya kuku, sasa anataka paja lake ndipo atoke. Mtani kazi yake ndiyo hiyo, kuilegeza mioyo ya watu inapokuwa imekaza. Kisha anabembelezwa, anapewa kitu kidogo, anatoka, na mazishi yanaendelea.

Na yangeendelea, kama Abdulswamadu asingechelewa. Abdulswamadu ndiye kaka mkubwa wa Swalehe na mkuu wa ukoo wao. Anakaa Mbwera, kule visiwani kwenye mikoko, na huko hutoki mpaka maji ya bahari yajae ndipo boti ielee. Siku ile maji yalisuasua, naye akafika makaburini anahema, matope mpaka magotini, na kitu cha kwanza alichokiona ni mtu mzima amelala ndani ya kaburi la mama yake anadai paja la kuku.

"Huyu si mkwe huyu?" aliuliza. Basi, ikawa imeharibika.

Ukoo ukakaa. Ukasema mkwe akivunja heshima ya ukwe hutoa mbuzi na kuomba radhi. Wamatumbi nao wakakaa. Wakasema mtani hana kosa, mwenye kosa ni anayekasirikia utani, na huyo hutoa jogoo na kuomba radhi. Mwanaamina aliposikia alishusha pumzi. "Si kheri basi?" alisema. "Mbuzi aje, jogoo aende, tuchinje wote siku moja, tule."

Wanaume walimtazama kama mtu aliyevua nguo sokoni. "Na nani aanze, shemeji?" Abdulswamadu alimuuliza.

Nani aanze! Watu wazima wenye ndevu nyeupe na wajukuu walikwama hapo. Anayeanza ndiye aliyekosa, kwa hiyo hakuna aliyeanza. Mbuzi akaendelea kula majani kwa Mfaume, na jogoo akaendelea kuwika kwa Swalehe.

Hayo Mwanaamina angeyavumilia, wazee wacha wavimbiane. Kilichomkata maini ni Nasra. Abdulswamadu aliamuru binti arudishwe kwao mpaka mbuzi atoke, na Swalehe akaenda Mbuchi mwenyewe kumchukua, na fulana yake ya amani mwilini. Sasa Nasra alikuwa nyumbani anapepeta mpunga haongei, simu ameifunga kwenye pindo la khanga. Ismaily alipokuja kumfuata na kapu la kamba wabichi, Swalehe alilipokea kapu kwa mikono miwili, akamkalisha kijana, akamnywesha maji. "Wewe huna kosa, mwanangu, nakupenda sana," alimwambia. "Ila rudi ulikotoka."

Kamba wakapikwa. Mwanaamina hakuwagusa.

Na sasa Abdulswamadu alikuwa ameleta neno jipya: mpunga ukiisha shambani na mbuzi hajaonekana, ukoo utadai talaka. Huku nako Sihaba, mke wa Mfaume, alimvuta Mwanaamina pembeni pale kwenye mashine ya kukoboa akamnong'oneza kwamba wajomba wa Ismaily wameshaanza kumtafutia msichana huko milimani. Wao wawili walishapatana zamani, siku ileile ya kwanza, mashineni hapohapo. "Hawa wanaume, mwenzangu," Sihaba alisema. "Wamerogwa," Mwanaamina akajibu, na mambo yakaisha. Lakini mapatano yao yalikuwa ya bure, maana hakuna aliyewauliza.

Hakuna mlango ambao Mwanaamina hakuubisha. Alianzia kwa Sheikh Haruni, imamu wa msikiti, mtu mpole anayependa haki mpaka anakera. Sheikh akasikiliza, akasema kufanya mzaha kaburini hakumo katika dini, na kudai mbuzi wa ukwe hakumo vilevile, kwa hiyo wamekosa wote wawili. Ijumaa akalipandisha juu ya mimbari. Matokeo yake Wandengereko na Wamatumbi wakapatana kwa mara ya kwanza tangu msiba: wakamnunia sheikh kwa pamoja. Walipomaliza kumnunia wakarudi kwenye ugomvi wao.

Akaenda baraza la usuluhishi. Mwenyekiti, bwana mmoja akiitwa Sadala, akashika kalamu akauliza shauri lenyewe ni la nini. La ndoa, la ardhi, au la matusi?

"Ni la kaburi," Mwanaamina alisema.

Sadala akafikiri sana. "Kaburi ni ardhi," akasema, akaandika ardhi.

Kwa kuwa ni ardhi, ikabidi wajumbe wakalione eneo lenye mgogoro. Wakaenda watu wazima na kamba yao, wakalipima kaburi la Bi Tabu urefu na upana, wakauliza anapakana na nani. Mwanaamina alikuwa amesimama kwenye migomba anawatazama, mkono mdomoni, hajui alie au acheke. Baada ya hapo shauri likapigwa kalenda. Mara akidi haijatimia, mara mjumbe yuko shambani anafukuza ndege, mara muhuri uko kwa mtu aliyesafiri. Alipouliza na ile Kamati ya Amani inafanya kazi gani, akajibiwa kamati haiwezi kukaa, kwa sababu mwenye kuitisha vikao ni katibu, na katibu ana mgogoro. Mtume!

Na kilichomchoma zaidi ya yote ni kwamba jibu alikuwa nalo yeye.

Makaburi yao yako nyuma ya nyumba, ng'ambo ya migomba. Siku ile ya mazishi, akiwa uani na wenzake wanalia, alikisikia kicheko cha Swalehe. Kicheko kile hakina mwenzake. Kinaanza chini, kinapanda, kinapanda, kisha kinakatika kwa kikohozi kama pampu ya kisima iliyovuta hewa. Amekaa nacho nyumba moja tangu ujana wake, atakikoseaje? Na mtu aliyecheka ameshaupokea utani, hana tena cha kudai. Wanaume wote waliokuwa pale walikisikia. Lakini Abdulswamadu alifika kicheko kimekwisha, na mbele ya kaka yake Swalehe akakunja uso, na wale mashahidi wote, masikio mazima, wakawa wanaangalia kwingine.

Mwanaamina alimjua mumewe. Swalehe hakuwa na hasira na Mfaume hata chembe. Hasira yake ilikuwa juu yake mwenyewe, kwamba mama yake yuko kwenye jeneza na yeye amecheka mpaka amekohoa. Hiyo ndiyo aibu aliyokuwa anaifukia, na kila kikao kilikuwa koleo jingine la mchanga. Siku moja, wako wawili tu wanaanika mpunga, Mwanaamina alijaribu kumfungulia mlango. "Kucheka msibani si dhambi, Baba Nasra. Hata marehemu mwenyewe alikuwa mcheshi."

"Nani kacheka?" Swalehe alisema, na siku nzima hakumsemesha.

Basi safari hii Mwanaamina akaitisha kikao yeye. Alikwenda kwa Sheikh Haruni hata ushungi hajaufunga vizuri. "Sheikh, Ijumaa mkae mmalize," alisema. "Msipomaliza, Jumamosi nampeleka Nasra Mbuchi kwa miguu yangu, namkabidhi kwa mumewe mbele ya watu wote wa diko, palepale boti zinapofungwa. Anayetaka kunisusa anisuse. Na chai kwangu imekwisha."

Sijui kilichomtisha sheikh ni kipi, binti kurudishwa bila wazee au chai kwisha, lakini kikao kilitangazwa.

Ijumaa baada ya swala wakajaa barazani kwa sheikh: Abdulswamadu aliyevuka na maji ya asubuhi, wazee wa Kimatumbi, Sadala na kalamu yake, Swalehe. Mwanaamina na Sihaba wakakaa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mfaume akawa wa mwisho kufika, akatoa salamu, na hapo kikao kikakwama hata kabla ya dua. Akae wapi? Akikaa jamvini na wenzake amekaa kimtani, na ukoo wa Swalehe hauwezi kukubali. Akipewa kiti pembeni kama mkwe, amekubali mbuzi, na Wamatumbi wataondoka. Wakabishana. Wakaleta jamvi jingine dogo, likakataliwa. Mtu mmoja akashauri kiti kiwekwe juu ya jamvi. Mwishowe Mfaume akasema atasimama, na akasimama kweli, ameegemea nguzo, mtu na umri wake.

"Astaghfirullah," Mwanaamina alisema nyuma ya pazia, na Sihaba akamshika goti.

Walizunguka mbuyu mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Wakaanza na Bi Tabu, wakaenda kwa mababu, wakagusia ng'ombe aliyekufa enzi za ujana wao. Kisha Abdulswamadu akakohoa kidogo, akasema yeye anawahi maji kurudi Mbwera, kwa hiyo anakata maneno. "Mbuzi hakuna, radhi hakuna. Sisi tunamtaka Ismaily atoe talaka leo. Swalehe, sema."

Swalehe alikuwa anang'oa nyuzi za jamvi. "Kama kaka alivyosema," akajibu.

Kama kaka alivyosema! Mtoto wake wa pekee! Mwanaamina hakujua amesimama saa ngapi wala pazia amelifanyaje, alijikuta tu yuko katikati ya baraza, khanga ya pili imeanguka, na sauti inayotoka ni yake.

"Alicheka!" alisema. "Huyu alicheka! Mnavunja nyumba ya mwanangu kwa utani ambao mwenyewe aliucheka mpaka akakohoa! Nimekisikia mimi, niko uani, nalia! Na ninyi nyote mlikuwepo, mmekisikia, mmeziba midomo mnakunywa chai yangu. Baba Nasra, humdai Mfaume kitu. Unajidai mwenyewe. Unaona haya kwamba ulicheka mama yako akizikwa, na haya yako inamla mtoto."

Wazee wakainamisha vichwa. Abdulswamadu aligeuka polepole akamtazama mdogo wake. "Ulicheka?" aliuliza. "Mama yuko ndani ya jeneza?"

Swalehe alijivuta nyuma kidogo jamvini. Uso ulikuwa umemsinyaa, mikono inatafuta pa kushika. Mwanaamina alimwona, na hapohapo akajuta, maana alikuwa amekusudia kumfungua mumewe, na kumbe amemvua nguo mbele ya kaka yake na wakwe zake.

Ndipo Mfaume akaiacha nguzo.

"Mama Nasra, hapo hapana," alisema taratibu. "Aliyelala chali kaburini anaziona nyuso zote zilizomwinamia kuliko mtu mwingine yeyote. Mimi nilikuwa chini pale. Huyu nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa analia. Hicho kikohozi ulichokisikia ni cha kilio."

Uongo mtupu, mweupe pee! Na hapakuwa na mtu barazani asiyejua kwamba ni uongo, isipokuwa Abdulswamadu. Swalehe aliinua kichwa akamtazama Mfaume, na macho yakamjaa maji, safari hii ya kweli.

"Mfaume..." alianza.

"Nyamaza, mlafi wewe," Mfaume alisema.

"Mlafi mimi? Mimi nimewahi kumdai maiti paja la kuku?"

Baraza zima likaangua kicheko. Wazee walishikana mabega. Abdulswamadu akajifuta macho kwa kofia yake, akasema kama mdogo wake alilia, basi alilia, na mtu aliyeshuka kaburini akamtolea ushahidi mkwewe mbele ya watu, huyo ana heshima zote za ukwe. Wamatumbi wakasema kama Swalehe amejibu utani kwa utani, basi hana hasira, na asiye na hasira hana faini. Mfaume akavutwa jamvini akakaa, na hakuna aliyeuliza amekaa kama nani. Ugomvi uliowashinda msikiti, ukoo, baraza na kamati ukayeyuka hivihivi, Mwanaamina bado amesimama katikati yao, khanga iko chini.

"Lakini," Abdulswamadu akasema, na wote wakatulia, "heshima imevunjwa hapa. Na aliyeivunja tumemwona."

Wakamgeukia. Mke amemzushia mumewe mbele ya wakwe. Amewapandishia wazee sauti. Ameingia kikaoni hajaitwa. Hawakubishana hata kidogo, na hilo ndilo lililomshangaza zaidi. Watu walioshindwa kukubaliana mahali pa kuweka kiti walikubaliana juu yake kwa muda wa kumeza mate. Yule mbuzi atoke, wakasema, atoke kwenye mbuzi wa Mwanaamina. "Na jogoo?" akauliza mzee mmoja wa Kimatumbi. Na jogoo, kwa nini asitoke? Na aombe radhi. Sadala akauliza hili aliandike fungu gani.

Mwanaamina alimtazama mumewe. Sema, alimwambia kwa macho. Neno moja tu. Swalehe alikuwa anang'oa nyuzi za jamvi.

Angeweza kuapa. Angeweza kuwataja mmoja mmoja kwa majina, wewe ulisikia, na wewe, na wewe, na Mwenyezi Mungu ni shahidi. Wangenyamaza, Abdulswamadu angekasirika, maji yangejaa, na talaka ingetoka leoleo. Sihaba alikuwa amemfuata nyuma anamwokotea khanga yake. "Nasra, mwenzangu," alimnong'oneza akimfunika mabega. "Mfikirie Nasra."

"Nimekosa," Mwanaamina akasema, kama mtu anayemeza kwinini. "Nisikilizeni, nimekosa. Nisameheni."

"Mimi nimeshamsamehe," Swalehe akasema kwa sauti ya upole, na wazee wakamsifu kwa subira yake.

Kesho yake mbuzi alichinjwa, na jogoo, wote wa Mwanaamina, na pilau ya faini akaipika yeye. Uani moshi ulikuwa unamwingia machoni, na upande wa barazani mumewe na Mfaume walikuwa wanatukanana kwa raha zao, kile kicheko kinapanda na kukatika, kinapanda na kukatika, watu wote wanakisikia, hakuna hata mmoja aliyeona ajabu. Alikuwa anakoroga kwa hasira mpaka wali unaruka.

Mfaume akaja na sahani yake, akasimama mbali kidogo, adabu tupu. "Mkwe wangu, salama?"

"Kwani huoni?"

Mfaume alitazama chini. "Alicheka," akasema kwa sauti ndogo. "Mama Nasra, alicheka mpaka nikaogopa ataniangukia shimoni."

Mwanaamina akaacha mwiko ndani ya sufuria. "Basi nenda kawaambie."

"Siwezi. Tumeshapatana."

"Mmepatana juu yangu!"

"Ningemwachaje aumbuke mbele ya kaka yake? Huyu ni mtu wangu. Ilibidi nimsitiri."

"Na mimi? Mimi nani kanisitiri?"

Mfaume alihangaika na sahani yake, akaihamishia mkono wa pili. "Wewe una moyo mkubwa," akasema. "Kila mtu anajua. Una moyo mkubwa sana."

"Moyo mkubwa!" Mwanaamina alisema, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya moshi. "Kila mnapotafuta pa kukanyaga mnasema moyo wangu mkubwa. Lete sahani."

Akampakulia. Akampakulia vizuri, kwa sababu alikuwa mkwe, na kwa sababu kupakua vibaya kungezua kikao.

Ismaily alikuwa ameshafika na pikipiki ya kukodi, amesimama nje ya uzio hajui aingie au asiingie, anatabasamu peke yake. Nasra akatoka ndani na begi lake, amejifukiza udi, uso umerudi kuwa uso. Alimkumbatia mama yake kwa nguvu, akamlalia begani kama zamani. Ya kikaoni alikuwa amesimuliwa vipandevipande na kila aliyempitia, na kila mmoja alimsimulia lake.

"Mama," alisema, "hebu niambie mimi. Mwenye kosa hasa alikuwa nani?"

Mwanaamina alimtazama mwanawe. Kule barazani Abdulswamadu, aliyeyaacha maji ya Mbwera akalala hapo kusubiri pilau, alikuwa anauliza kwa sauti, kichwa cha mbuzi kwa desturi ni haki ya mtani au ya mkwe, na mtu mwingine alikuwa anamjibu kwamba hapo inategemea.

"Mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyekosa, mwanangu. Panda pikipiki uende, upesi."